Ganda

Ipo mezani, kando ya chumvi na kibiriti:
wakia moja ya dhahabu ndani ya plastiki ngumu
na kikaratasi juu yake, sitini na tisa.
Kati ya sabini, alisema Elirehema kwenye simu,
wiki mbili kabla ya kuanguka ngazini huko Maskati
na brashi ya rangi mkononi.
"Imeshapimwa, dada. Usiifungue."
Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyo nayo:
usiifungue.

Mimi pia ni mpimaji.
Miaka kumi na tisa, hapa Moshi,
napanga vikombe, navuta kahawa kwa kijiko
kwa mluzi unaowachekesha wageni,
natema ndooni, naandika.
Nimewahi kumwandikia mtu themanini kasoro moja
akalia kwenye korido, kofia usoni.
Najua namba inavyozaliwa:
ulimi wa mtu, mwanga wa dirisha,
na kama asubuhi ile alikunywa chai au hakunywa.
Kwa hiyo nauliza, ile moja ilikwenda wapi?
Nimeitafuta kwa kioo cha kukuzia, kwa tochi ya simu.
Swala ana pembe zote. Ana kwato zote.
Huenda aliyempima alikuwa na njaa.

Jana nilimpelekea sonara, Mzee Popatlal.
Hakuishika. Aliigonga kwa ukucha.
"Itoe humo niitie kwenye mizani.
Mimi nanunua dhahabu, sinunui nyumba yake."
Halafu, polepole, kama mtu anayerudisha chenji:
"Ila ukiitoa, yule mkusanyaji wa Arusha
hatakupa tena ile ziada."
Ziada kiasi gani?
"Kidogo tu. Ada ya muhula mmoja, mtoto mmoja."

Elirehema ameacha wawili.

Usiku huu koleo liko mapajani mwangu.
Plastiki hii haina kufuli wala bawaba;
ikivunjwa, imevunjwa, na namba hairudi ndani.
Sarafu itabaki ileile, uzito uleule,
ila itabidi ijieleze upya
mlango kwa mlango, kama mjane.
Na bado nataka.
Nataka kujua kama ni ya baridi.
Yeye mwenyewe hakuwahi kujua: aliinunua imefungwa,
mshahara wa mwaka mzima ukiondoa chakula,
akaituma imefungwa, ndani ya soksi, kwa mkono wa Ndesario.
Jasho lote lile,
na hakuna kidole cha kwetu kilichoigusa.

Mama anauliza ni nini hicho kinachogongagonga.
Macho yake yana ukungu tangu masika ya mwaka juzi.
Namwekea kiganjani.
Anaipeleka sikioni, anaitikisa,
inacheza kidogo humo ndani, tik, tik,
na uso wake unakwenda Kibosho, kwenye vichanja,
kabla sijazaliwa, anasikiliza
kama punje imeachana na ganda.

"Imekauka," anasema.

Imekauka. Nami ni mtu wa kahawa,
najua neno hilo lina milango miwili.
Ikikauka, waweza kuikoboa.
Ikikauka, waweza pia kuiweka ghalani na ganda lake,
ikakaa miezi na miezi, isipoteze kitu.

"Sasa niifanyeje, Mama?"

"Ni ya Elirehema hii?"

Ni yake.

Hajibu. Hairudishi.
Umeme umekatika, nasikia tu
kidole gumba chake kikipita juu ya plastiki,
kinazunguka ukingoni, kinasimama, kinazunguka tena,
kama kinatafuta pa kuanzia kumenya.