Chongo

Fundi Mwachiro ametoka chini ya gari
na kutu nyusini kama unga wa hina.
"Mama Nasra," asema, "hili limesimama kwa mazoea tu."

Nimeandika orodha nyuma ya risiti ya stima:
mkanda wa taimingi, rejeta, bushi za mbele,
pedi za breki, sakafu upande wa dereva
(ukiinua zulia, waiona lami ya Jomvu ikipita).
Chini yake, kwa kalamu nyingine,
kuna orodha ya mpwa wangu Athman:
rimu za inchi kumi na saba, spoila, tabo,
na springi fupi, gari lilale kama paka awindaye.

Mwaka wa tisini na nne nililitoa bandarini mwenyewe,
wakala wa forodha, karatasi kwapani,
gari jekundu, milango miwili, la kwenda mbio.
Shemeji akauliza: "Na watoto utawaweka wapi?"
Sikuwa nao bado.
Kiti cha nyuma nikaweka viatu.

Taa zake hujificha ndani ya boneti, ukiziwasha ndipo zainuka.
Ya kushoto ililala mvua za Elnino
na haijaamka.
Tangu hapo, kutoka Mikindani hadi Likoni,
jina lake Chongo,
na mimi ni mama wa Chongo, hata kabla ya kuwa wa Nasra.

Tabo? Mwachiro hakucheka.
"Katika injini hii, ni kumvisha babu njumu
na kumwambia akimbie hadi Mariakani."
Na springi fupi je?
Nikamuuliza Athman: kivukoni utapita kwa mbawa?
Maji yakipwa, mdomo wa feri wakwangua matumbo
hata ya magari yaliyosimama wima.
Akaufunga simu yake, picha zote ndani.

Mpiga rangi wa Shimanzi naye alikuja, kanzu safi,
akapitisha kidole kwenye fenda.
"Nitalipulizia, litang'aa kama la jana."
Lakini kutu ya kwetu haipigi hodi.
Huja na upepo wa bahari, ikaketi chini ya rangi nzuri,
ikala, ikala.
Kupuliza juu yake ni marashi juu ya jasho.
Ya ufa na ukuta naijua, nimeisikia tangu chuoni;
haikutaja bei ya kuchomelea.

Basi. Breki kwanza,
kwa kuwa juzi pale Makupa nilikanyaga hadi mwisho
nikasimama ubavuni mwa lori la saruji,
na dereva akanitazama
kama mtu aliyekwisha toa rambirambi.
Kisha mkanda, kabla haujakatika na kuzigombanisha valvu na pistoni.
Rejeta. Bati la sakafu.
Eyasii hapana; joto la Februari
na liingie dirisha hili litoke lile.

Zilibaki pesa za bushi.
Hapo nikafanya upuuzi.

Kwa Juzer, muuza vipuri, nyuma ya milango iliyong'olewa,
palikuwa na kimota cha taa, kidogo kama ndimu,
kimetolewa kwenye gari lililokufa.
Akataja bei. Nikamtukana. Akanimiminia kahawa.
Nikalipa.
Bushi zingoje; magoti yangu pia yalia
na twaenda nayo.

Jumamosi alfajiri, foleni ya feri.
Yule kijana wa kizibao cha njano, ambaye si kijana tena,
ambaye miaka yote hunipangia pembeni, nisikwaruzwe,
alinipungia mkono kama gari lolote.
Kisha akainama dirishani.
"Mama, Chongo umemuuzia nani?"

Sikujibu. Nikazima taa, macho yote mawili yakafumba.
Nikawasha.
La kulia likainuka. La kushoto
likachelewa, kidogo tu, likitetemeka,
naye akapiga boneti kwa kiganja:
"Pita huku, pita huku, pembeni!"