Kioo cha Mpini Mrefu

Hapa Haapsalu, mwezi wa pili, bahari ni sakafu.
Watu huenda juu yake na mbwa wao
nami dirishani nahesabu miguu:
mbwa kumi na mmoja, wenyewe kumi na mmoja,
jumla, kabla ya chai ya saa nne, sitini na sita.
Mtu hakosi kazi.

Miaka kumi na tisa nilifagia dohani.
Mapaa ya Rakvere nayajua kama ulimi ujuavyo meno.
Wanawake walivuka barabara kunigusa kifungo cha koti,
kwani kwetu husemwa mfagia dohani
humwachia bahati anayemgusa.
Mabibi harusi walikuja. Wanafunzi, siku ya mtihani.
Mzee mmoja mcheza bahati nasibu, kila Ijumaa, bila haya.
Niliwagawia wote. Sikuwahi kujiuliza
kama ghala lile lina mwisho.

Kigae kimoja chenye barafu.
Wanaotaka kisa cha kuanguka
wajue kwamba kuanguka ni kufupi mno.
Kirefu ni kinachofuata.

Pingili ya kumi na mbili, alisema daktari,
akaigonga picha kwa kalamu.
Chini ya kiuno ni nchi isiyoshika mtandao,
ila usiku, usiku hupiga simu yenyewe:
goti linawaka, kisigino kinawasha,
nanyoosha mkono nikikune
nakuta gogo la mtu baki
lililovaa soksi zangu.

Bi Leelo, wa mambo ya nafsi, huja Jumatano
na daftari la kijani.
"Moja hadi kumi, Raivo, leo uko wapi?"
Niko kitandani, nikamjibu.
Hakucheka. Aliandika.
Wiki iliyofuata nilirusha kikombe
(si kwake, ukutani)
naye akaketi kimya
hadi chai ikamaliza kuteremka,
kisha akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza umefika."
Sijui alimaanisha nini. Hata sasa sijui.
Niliufuta ukuta hadi pale mkono ulipokoma.

Merike, mke wangu, hulia garini.
Najua, maana toka maegeshoni hadi hapa
ni hatua sitini, naye huchukua dakika ishirini.
Akiingia hunisomea maelekezo ya mpira wa mkojo
kwa sauti ya kusomea mapishi ya keki.
Hatusemi juu ya gari.
Tunasema juu ya mlango wa choo:
sentimita sitini na nane, kiti hakipiti.
Siku hizi tunapendana kwa futikamba.

Jana muuguzi aligawa vioo,
kila mgonjwa chake, kidogo, kwenye mpini mrefu.
Tazameni makalio, alisema, tazameni visigino kila jioni,
ngozi isiyohisi huoza bila kupiga kelele.
Kaur wa kitanda cha pili, miaka ishirini, pikipiki,
alikitupa chake uvunguni.
"Sitaki kuangalia maiti."

Mimi nilikishika
na mkono ukakikumbuka kabla yangu.
Kioo kama hiki nilikipenyeza katika dohani ngapi,
nikitafuta ufa, kiota cha kunguru,
mahali moto unapojificha!
Siri ni kukiinamisha tu. Nuru hujipeleka yenyewe.

Nikakiinamisha.
Pale, tako la kushoto, doa jekundu,
ukubwa wa kifungo cha koti.
Nililigusa. Doa halikujua.
Kidole kilijua: joto.
Nikajigeuza upande wa pili kwa mikono,
kwa jasho, kwa matusi mawili ya Kirusi,
nikalala hivyo, nikililinda.

"Umeona nini?" Kaur aliuliza gizani,
baada ya muda mrefu.

Masizi kidogo, nikamwambia.
Kesho mwambie muuguzi akiokote chako.
Unakishika vibaya.