Za Meno

Sikuchagua Singapuri kwa sababu ya Singapuri.
Niliuliza tu ni ndege gani inakaa angani muda mrefu,
na binti wa wakala akanitazama
kama mtu anayeulizwa bei ya jeneza.
Saa kumi na mbili na nusu, akasema.
Nikasema: hiyo. Mbele kabisa.

Arobaini yako ilipita Jumapili, Mama.
Tulichemsha ngano, tukaitia sukari na komamanga.
Kasisi wa Offenbach akakuita Despo badala ya Despina,
na Bi Wiebke, aliyesimama ubavuni mwako miaka thelathini na moja
kwenye ile mashine ya pasi ndefu kama basi,
akala sahani mbili, akalia, akaomba ya tatu.

Pesa nilizikuta ndani ya kopo la biskuti.
Juu yake uliandika kwa penseli: za meno.
Hukuwahi kutengeneza meno.

Daraja la kwanza wewe ulilijua kwa madoa yake:
mvinyo mwekundu, rangi ya midomo, mchuzi wa kaa,
na mwaka ule mwiba wa samaki
uliofungwa ndani ya kitambaa kama zawadi,
ukakuingia kidoleni, kidole kikavimba mwezi mzima.
Dunia nzima wanaimeza, ulisema,
miiba wananiachia mimi.

Ulirudi alfajiri unanuka mvuke na sabuni.
Mfukoni mwa aproni, orodha ya vyakula
iliyosahauliwa kati ya nguo za meza.
Ukaninyooshea: soma.
Wenzangu shuleni walianza na paka na mpira.
Mimi nilianza na kware wa kuokwa
aliyelazwa juu ya kitanda cha dengu,
na usiku nikawaza kware yule analalaje, dengu zinamchoma.
Nikikua, nikakuambia, tutapanda wote.
Hukucheka. Uliuliza:
mkate utakuwepo?

Upo, Mama. Wa aina nne.
Anauleta Torsten, mhudumu mwenye sauti ya daktari wa watoto,
na kila akipita ananipa kitu:
pajama, soksi, shuka zito,
kijichupa cha mafuta ya mikono.
Mafuta ya mikono.
Nimekishika, sijakifungua,
tangu Frankfurt hadi juu ya Bahari Nyeusi.

Nilidhani nitalia wakati wa kupaa.
Sikulia. Nilisinzia mdomo wazi, kama wewe kwenye tramu,
nikaamka chakula kimeandaliwa,
samaki, mvinyo, kitambaa cheupe kimekunjwa pembe tatu,
na kona moja imepindia ndani kidogo.
Hiyo kona naijua. Mashine haikunji hivyo.
Au labda sasa inakunja; sitaki kumuuliza mtu.

Kiwiko kikagonga bilauri.
Kabla sijafikiri mkono ulikwisha kamata kichupa cha chumvi,
nikamwaga chote juu ya doa, nikasugua kwa ncha za vidole,
kutoka nje kuja ndani, kama ulivyonifundisha,
nimeinama, mzima wa miaka arobaini na sita,
ndani ya pajama za watu.

Torsten akanigusa bega.
Acha tu, bibie. Vitafuliwa.

Vitafuliwa.
Kitenzi kizuri, kimepigwa pasi,
hakina mtu ndani yake.

Nikataka kumwambia jina lako, lile kamili,
si lile la kasisi.
Lakini alikuwa amekwisha nyoosha mkono, anangoja kitambaa,
kijana wa watu, macho mekundu kwa usingizi,
na huko nyuma watu zaidi ya mia tatu wanataka kahawa.

Nikasema: subiri kidogo.
Nikakikunjua, nikakikung'uta juu ya sahani.
Mwiba ukaanguka, mdogo, wa kuingia chini ya ukucha.
Nikapapasa upindo wote, kona hadi kona,
ndipo nikampa.