Kuni za Aune

Mama mkwe huokota vipande viwili,
huvigonganisha karibu na sikio langu.
"Sikia. Hiki kinalia, kiingie ndani.
Hiki bubu, kimejaa maji. Rudisha."

Hapa Kainuu Septemba haina subira:
asubuhi ndoo ina utando wa barafu,
na ukuta wetu wa kuni umefika kiunoni tu.
"Ufike dirishani," asema Aune,
"ama Februari tutachoma viti."

Napanga. Gome jeupe juu, lizuie mvua.

Nyuma ya banda nakuta rundo la mwaka juzi,
vipande vilivyopasuliwa ovyo,
kimoja kina makovu matatu ya shoka
mahali nilipokosa shabaha kwa hasira
siku niliyogombana na Irja
juu ya
sikumbuki nini.

Mwaka jana nilikatazwa kuzigusa:
kuni mbichi hazina joto,
zina moshi na machozi tu.

Nagonga viwili.
Vyalia.

Jioni naingia na kumbatio moja.
Irja afungua jiko,
apapasa yale makovu kwa kidole gumba,
acheka peke yake,
kisha anisogezea kigoda.