Kofia ya Mpira

Kocha husema: kasi. Maji yasikushike nywele.
Mimi nisafishaye kichujio cha bwawa hapa Jinja
nina jibu langu, linanuka klorini:
kila Jumatatu navuta rasta za watu,
nyeusi, nyekundu, moja ya zambarau
ndefu kama mkia wa panya aliyezama.

Kwa hiyo kofia. Lazima. Nimeandika ukutani.

Ila Birungi, aliyerudi kutoka wodi ya Mulago
na kichwa kitupu kama yai,
alinijia: "Sina hata unywele mmoja. Nivae?"

Nikatazama majini: vichwa kumi na viwili vya buluu,
hujui nani kasukwa, nani kanyolewa.

"Vaa."

Akapaka poda ndani, akavuta hadi masikioni,
akaruka.

Nikahesabu vichwa kumi na vitatu.
Chake ni kipi, nitafutie wewe.