Mizani Tatu

Jumamosi tunakutana saa moja, jua halijapanda ukuta:
Mishi na miswaki yake mikuukuu, Shebwana na ngazi ya kuazima,
Kazungu, ambaye hana maiti wake hapa hata mmoja
ila ana mwandiko mzuri,
na mimi, mshika funguo.
Hatulipwi. Mama huniuliza kila wiki:
walio hai wamekwisha kuuguzwa wote?

Nyuma ya Kibokoni, kati ya gereji na ghala la magodoro,
kuna makaburi mia na sitini na matatu.
Tuliyahesabu mara tatu, tukapata hesabu tatu,
tukachukua ya kati.

Twaha, fundi wetu, hataki kusikia saruji.
"Saruji hailisikilizi jiwe," asema. "Chokaa hupumua."
Ameiloweka pipani tangu Mfunguo Mosi,
huifunua kama afunuaye sufuria ya wageni,
na ukuta wa matumbawe, uliokuwa ukimwaga unga
kila lori lipitapo,
sasa umenyamaza.

Daftari la mazishi tulilipata katika kopo la biskuti
kwa mjukuu wa mchimba kaburi.
Mchwa wamekula pambizo na baadhi ya miaka.
*Mgeni, jina hakuwahi kusema.*
*Mtoto wa Saumu, siku mbili.*
*Msuka mikeka wa Kuze, sanda kwa mkopo.*
Mkopo ule haukupigwa mstari.
Kazungu akauliza tumlipe nani,
na hakuwa anatania.

Kisha, safu ya kwanza, Mishi akasugua jiwe
hati za Kiarabu zikatoka, maneno yakawa yetu:

*Hapa nilalapo tini, mpita ndia simama,*
*Sikuata cha thamani, wala shamba la kulima,*
*Niombea kwa Manani, Mola aliye Karima,*
*Jina langu duniani, naliitwa Bi*

Hapo jiwe limemeguka.

Tukaanza kuhesabu kwa vidole, watu wazima watano,
kama tuko chuoni tena:
na-li-i-twa-bi. Tano. Zimebaki tatu,
na ya mwisho sharti iwe *ma*.
Si Zainabu, anazidi. Si Amina, kina kinamkataa.
Kina ni kikali kuliko karani wa vitambulisho,
hakimpitishi mtu kwa jina lisilo lake.

Tukafungua daftari, mwaka wa ndui.
Fatuma binti Shee, Jumanne.
Halima binti Mbwana, Alhamisi.
Juma moja. Na mahali, kwa wote wawili: *ukutani*.

Nyanya wa nyanya yangu alikuwa Halima.
Nyumbani twajua tu kwamba ndui ndiyo iliyomchukua,
na kwamba alikuwa haonji mchuzi
bila kuutungia ubeti.
Nikashika penseli.
Hakuna aliyenitazama. Mishi alijitia kutafuta mswaki,
Shebwana alipanda ngazi isiyo na kazi.
Ndivyo watu wenye heshima wanavyokupisha uibe.

Nikaandika vitone vitatu.
Fatuma naye ana vitukuu mahali fulani,
pengine ndio hao wa gereji,
wanaotupigia honi tukiegesha mkokoteni wa mchanga.

Jioni Mama akauliza leo tumefukua nini.
Nikamsomea. Nilipofika *naliitwa Bi*
nikanyamaza,
naye, bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele,
akajaza jina lake mwenyewe: *Rehema*.
Akatoa kijiwe, akakitupa uani.
"Mbona umekomea hapo?" akasema. "Endelea."