Jalada la Aikaruwa

Nimelifunga kwa uzi mweupe, nikalifungua tena,
cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimejificha chini ya risiti.
Aikaruwa Kiwelu. Hospitali ya Mawenzi. Kilo tatu kasoro.
Leo ana miaka saba na yuko Malmö,
mji ambao mimi, karani wa masjala hapa Moshi,
nimeuandika mara kumi na nne,
na zile nukta mbili juu ya o
nazitia kwa kalamu, mashine haizijui.

Wakili wa baba akasimama, koti limembana mabegani:
"Mheshimiwa, mtoto hayupo. Amri yako itaishia Holili."
Waliokaa nyuma wakacheka.
Jaji akavua miwani.
"Aliondoka hapa kwa ridhaa ya nani?"
Hapo wakili akaanza kupekua, akitafuta karatasi
ambayo mimi nilijua haimo.

Ni kweli, mahakama haina miguu.
Haiwezi kupanda ghorofa ya tatu, kukung'uta theluji,
kubisha hodi na kusema: mvisheni viatu.
Ina muhuri. Ina wino.
Ina nyumba ya baba pale Shantytown, haiuziki tangu Jumanne.
Na huko mbali iko mahakama nyingine,
labda na karani wake
anayehangaika kuandika Kilimanjaro.

Saa nane mchana wakamleta kwenye skrini.
Jaji aliuliza shule, akauliza chakula.
Mtoto akajibu kwa Kiswahili kilichoanza kulegea,
kama kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja.
Kisha akauliza yeye:
"Jino langu bado liko juu ya bati?"
Haikaeli, mama yake, akaitikia kwa kichwa, sauti imegoma.
"La pili limeng'oka. Nimeliweka kwenye kopo.
Paa la huku siwezi kulifikia."

Jaji aliandika muda mrefu.
Sijui kama aliandika hilo.

Amri ina kurasa sita. Mtoto ni wa kulindwa
popote alalapo, ndivyo inavyosema ukurasa wa nne,
na baba amrudishe ndani ya siku thelathini.
Nilipokuwa nafunga bahasha, Haikaeli alinyoosha mkono dirishani,
akanipa jani la isale, bichi, limekunjwa.
Kwetu huoteshwa mpakani mwa kihamba.
Kwetu pia hupelekwa kuomba yaishe.
Sikumwuliza ni lipi.
Si kielelezo, sikulipa namba.
Posta wakanidai nyongeza ya uzito.